Ndege mbili zinatua bega kwa bega, hivi hii ni salama kweli? Mama mkwe kagoma kusafiri

Mkwe Mwema:

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wale mnaojua mambo ya anga maana huku nyumbani hapakaliki.

Iko hivi. Shemeji yangu, kaka wa wife, anaishi Marekani, San Francisco, mke wake anajifungua mwezi ujao na mama mkwe ndo alikua aende kumuuguza mzazi. Viza imetoka, tiketi imekatwa, Dar mpaka Dubai, Dubai mpaka San Francisco. Sasa shemeji akili zake anazijua mwenyewe, juzi katuma klipu kwenye grupu la familia, ni siku alikua anatua hukohuko kwao, kakaa dirishani, na nje ya dirisha kuna ndege NYINGINE inashuka nayo sambamba kabisa, yaani kama zile daladala mbili za Gongo la Mboto zinavyogombea abiria pale Banana, unaona mpaka madirisha ya wenzao. Na chini ameandika "mzigo huo" na vile vikatuni vya moto.

Mama kaiangalia mara moja tu. Kavua miwani. Kasema mimi siendi, mwambieni atafute mwanamke wa hukohuko amkande mke wake.

Toka siku hiyo mke wangu ananiangalia mimi kama mimi ndo nilikua rubani. Kwahiyo naomba kujuzwa, hivi pale nani anazizuia zisigongane? Rubani mmoja akipitiwa, au upepo umsukume, au achanganye njia, inakuaje? Na je hapa kwetu Dar mambo haya yapo? Nataka majibu ya kumpelekea mama, sio matani jamani nawajua.

Bati la Kiwalani:

Mimi nakaa Kiwalani mkuu, ndege zinapita juu ya bati langu mpaka mtoto akishtuka usingizini najua ni saa ngapi bila kuangalia simu. Sijawahi kuona mbili zinakuja pamoja hata siku moja. Hapa kwetu ni mojamoja kama foleni ya maji, mwambie mama huku asiogope, aogope akifika.

Mchambuzi wa Kijiwe:

Mleta uzi usihangaike, siku hizi kila kitu kompyuta. Ndege zina kile kidude cha TCAS, zikikaribiana tu zenyewe zinaambiana wewe panda mimi nashuka, rubani kazi yake kunywa kahawa. Hao waongoza ndege ni wa zamani enzi za rada, na rada yenyewe sisi tulipigwa, si mnakumbuka 2002 tulinunua ya pauni milioni 28 mpaka Waingereza wenyewe wakaona aibu wakaturudishia 29.5, chenji ikanunuliwa vitabu na madawati. Mimi nawaambia wanafunzi wengi wamekalia rada bila kujua 😂

Mkwe Mwema:

Nilisema sio matani 😩

Mzee wa Mnara:

Nimecheka hapo kwenye madawati lakini ndugu Mchambuzi hilo la TCAS umepotosha, nitalirudia.

Mimi ni mstaafu, nilikalia kiti cha kuongoza ndege miaka mingi hapahapa Dar. Niseme mapema kabisa kwamba ranwei sambamba, yaani njia mbili za kurukia na kutua zilizolala pamoja, sijawahi kuziongoza kwa mkono wangu kwa sababu hatuna, nilizisomea tu na kuwatembelea wenzetu walio nazo. Pale JNIA, uwanja wetu wa Dar, ipo kubwa moja, 05/23, mita 3000, na ile fupi 14/32 ya kama mita 1000, hiyo haiko sambamba na kubwa, imekaa mkingamo. Zile namba ni za dira, 05 ni nyuzi 50 na 23 ni nyuzi 230, yaani ni ranwei ileile ukiijia upande wa pili. Sasa zikiwa mbili zimelala kuelekea upande mmoja zinapewa namba moja halafu zinatofautishwa kwa herufi, L ya kushoto R ya kulia. Huko anakoenda mama ni 28L na 28R. Cairo nao wanazo, Johannesburg wanazo, Addis wanazo, kwahiyo sio mambo ya Marekani peke yake. Hizo herufi msizidharau, watu wamekufa kwa ajili ya herufi.

Kuna namna mbili tofauti kabisa za kutua sambamba, na klipu ya shemeji yako ni ile ya pili, ila wacha nianze na ya kwanza maana ndo yenye akili nyingi.

Ya kwanza ni ya vyombo. Mawingu yamejaa, rubani haoni kitu, anafuata mawimbi yanayotoka kule chini kwenye ranwei. Hapa viwango vya ICAO, lile shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka kutoka mstari wa katikati wa ranwei hii mpaka wa ile kuwe na mita 1035 angalau, ndo kila ndege iruhusiwe kuja kivyake bila kumsubiri mwenzake. Ikipungua mpaka 915 bado inawezekana ila lazima zipishane, moja tangulia moja nyuma, mshazari wa kama kilomita 3.7. Chini ya hapo basi moja itue huku na nyingine ipae kule, ndo hivyo.

Sasa katikati ya mistari miwili kunachorwa ukanda. Upana wake mita 610 usipungue. Huo ukanda hauonekani angani, upo kwenye skrini tu, na hakuna ndege inayoruhusiwa kuukanyaga. Mnaijua njia ya mwendokasi pale Morogoro Road? Ichukulie hivyo, ila hii haina hata basi lake, ni tupu, imewekwa iwe tupu, na hakuna bodaboda wa kuchepukia humo akaachiwa.

Pa kutisha zaidi sio pale mnapoziona zimekaa bega kwa bega. Pa kutisha ni kabla, zinapokata kona kuingia kwenye mistari, kwa sababu mmoja anatoka kushoto mwingine kulia, zinageukiana nyuso. Akipitiliza mmoja kona yake tayari yuko kwa jirani. Ndo maana hapo unamweka mmoja juu ya mwenzake futi 1000, na kona ya kuingilia isizidi nyuzi 30, na hicho kimo humwachii mpaka wote wawili wamekaa kwenye mistari yao, kabla ya hapo hata wakulilie vipi.

Halafu kuna mtu. Kila ranwei ina muongozaji wake ambaye kazi yake ni kuangalia tu. Hapangi foleni, hatoi ruhusa ya kutua, hapokei simu. Anaangalia ukanda. Na redio yake ina uwezo wa kumkata muongozaji wa mnara hata kama yupo katikati ya sentensi.

Ndege ikianza kuchepuka anaiambia rudi kwenye mstari wako. Ikigoma, ikaingia ukanda, anaachana nayo. Anamgeukia yule ASIYE na kosa, anamwambia geuka sasa hivi, panda. Tulivyokua tunajifunza hili lilitusumbua sana, wote tulikua tunataka kumfokea mkosaji, si ndo mwenye makosa? Mwalimu akatuuliza, na kama mkosaji hasikii? Labda yupo kwenye masafa mengine, labda usukani umemgomea. Utakayemuokoa ni yule anayekusikia.

Nimechoka kuandika na simu hii, nikinywa chai nitarudi kwenye hiyo klipu.

Fundi Saa:

Shikamoo mzee. Nimepiga hesabu zako kidogo. Ndege inayokuja kutua tuseme ina noti 150 (maili za baharini kwa saa), hiyo ni kama mita 77 kwa sekunde. Ikichepuka kwa nyuzi 30 inakwenda pembeni nusu ya hapo, mita 38 na ushee kila sekunde. Kama mistari imeachana mita 1035 na ukanda ni 610, inabaki mita 212 hivi kutoka kwenye mstari mpaka ukingo wa ukanda. Hizo inazimaliza kwa sekunde tano na nusu. Kutoka mstari wake mpaka mstari wa jirani ni sekunde 27.

Sekunde 27 mzee. Mimi kufungua vocha tu nachukua zaidi ya hapo. Sasa huyo muangaliaji aone, aamini anachokiona, abonyeze redio, aseme, rubani asikie, aelewe, ashike usukani, na ndege yenyewe ni jumba zima lile ianze kuitikia. Inatosha kweli?

Mzee wa Mnara:

Marahaba. Hesabu yako ipo sawa na ndo hesabu walioanza nayo waliotunga hizo mita.

Umesahau kitu kimoja, rada. Rada ya kawaida ya uwanjani inazunguka, inakupa picha mpya kila baada ya sekunde kama tano. Kwa hesabu yako ndege ikianza kuchepuka mara tu baada ya picha kupita, ukija kupata picha nyingine ipo ukingoni mwa ukanda tayari. Ndo maana kwa miaka mingi kanuni ilisema hivi, ukiwa na rada ya sekunde tano basi ranwei ziachane zaidi ya mita 1525. Ukitaka kuzisogeza mpaka 1035 nunua chombo kinachokupa picha kila sekunde mbili na nusu au chini ya hapo, na skrini inayopiga kelele yenyewe ndege ikianza kuelekea ukandani, kabla haijaingia. Ukitaka ardhi kidogo lipia rada, ukitaka rada rahisi tafuta ardhi, na ardhi watu wa Kipawa waliohamishwa kupisha uwanja wanajua habari zake.

Na kuhusu kusikia na kuelewa, marubani wanajua kabla. Wanatangaziwa mapema kwamba leo tunatua sambamba, kwahiyo yule wa kuambiwa geuka alishakaa mkao huo, hashangai. Geuka hiyo wanaifanya kwa mkono, hawasubiri otopailoti ijishauri.

Zuhura wa Angani:

Mimi ni mhudumu wa ndege, naongezea la upande wa abiria. Hiyo ya kupandishwa ghafla nimeipata, sio kwa sababu ya ranwei sambamba, ni hapahapa Dar, kandege kadogo kalikotoka Zanzibar kalikua hakajatoka kwenye ranwei na sisi tupo nyuma yake na jeti. Tukaambiwa zunguka upya. Injini zikanguruma, pua juu, abiria mmoja akaanza kusoma shahada kwa sauti, mwingine akanishika mkono mpaka leo naukumbuka. Tulizunguka dakika kama kumi tukatua. Mwambie mama ndege ikipanda badala ya kutua asidhani ndo mwisho, ujue kuna mtu kaona kitu na kakataa kubahatisha.

Mzee wa Mnara:

Umesema kweli binti. Hiyo ndo shida yetu ya Dar, vile vidogo vya Zanzibar vinakwenda polepole, nyuma yake inakuja jeti ina haraka, na ranwei ni moja. Unaweza kuzipanga vizuri kule mbali halafu kadogo kakafika chini kakaanza kutafuta njia ya kutokea kama mgeni Kariakoo.

Haya klipu. San Francisco zile ranwei mbili zimeachana mita 229 tu. Kwa vyombo, kwa yale niliyoeleza juu, haiwezekani ndege zije pamoja namna ile, hata ukanda wenyewe wa mita 610 hauingii hapo. Kwa miaka mingi walikua wanafanya kwa MACHO. Hali ya hewa iwe safi, muongozaji anamuuliza rubani, unamuona mwenzako upande wako wa kulia? Akijibu namuona, anaambiwa basi endelea naye kwa macho, na kuanzia hapo kutokumgonga mwenzako ni jukumu la rubani. Wote wawili wanajua, wote wawili wanaonana, ndo maana shemeji yako kapata picha nzuri. Ukungu ukishuka biashara hiyo ilikua inafungwa, na San Francisco kwa ukungu ni kama Lushoto mwezi wa saba, kwahiyo siku hizo ndege zinachelewa mpaka abiria walioko mji mwingine wanalala viwanjani.

Na TCAS sasa. Ni kitu kizuri mno huko juu. Ila ukishuka chini ya futi kama 1000 kinaacha kutoa amri za panda shuka, maana kikimwambia mtu shuka ataelekea wapi, kwenye paa la Bati la Kiwalani? Dakika zile za mwisho mnazoziona kwenye klipu hakuna mashine inayosema panda wala shuka. Kuna macho na kuna sauti ya mtu.

Kereng'ende:

Mzee heshima yako lakini hapo kwenye macho unawapa watu dawa ya usingizi. Mimi macho ndo nisiyoyaamini kabisa.

Wacha nimpe mleta uzi kisa cha uwanja huohuo anaokwenda mama mkwe wake, samahani mkuu usimuonyeshe. Tarehe 7 Julai 2017, karibu na saa sita usiku, Airbus A320 ya Air Canada inatoka Toronto ina watu 140, imepewa itue 28R, hali ya hewa safi kabisa, kwa macho. Usiku ule 28L ilikua imefungwa, taa zimezimwa. Marubani wamechoka, kichwani wanatarajia kuona ranwei mbili zinawaka. Wakaona mistari miwili inawaka kweli, ila mmoja ni 28R yenyewe na mwingine ni taksiwei, njia ya ndege kutembea chini kwenda ranwei, iliyo sambamba nayo. Wakajiambia ya kushoto ni 28L, ya kulia ni yetu. Ile "ya kulia" ilikua taksiwei, na juu yake kuna ndege NNE zimepanga foleni zinasubiri kuruka, zimejaa watu na mafuta.

Rubani akauliza mnara, mbona kama naona taa kwenye ranwei? Mnara ukamjibu hakuna mtu 28R ni wewe tu. Jibu sahihi kabisa, kwenye 28R hakukua na mtu! Rubani wa mojawapo ya zile ndege nne ndo akapiga kelele redioni kwamba huyu anakuja kwenye taksiwei. Air Canada wakaanza kupanda wenyewe, mnara nao ukawaambia zunguka. Walishuka mpaka kama futi 60 kutoka ardhini. Mkia wa ndege kubwa tu una karibu kimo hicho.

Hakuna aliyegusana na mtu, hakuna aliyekufa. Lakini niambieni hapo ukanda ulikua wapi na muangaliaji alikua wapi? Kwa macho hakuna ukanda mzee, ndo hoja yangu.

Na hilo la herufi ulilolisema ni kweli tupu. Tarehe 31 Oktoba 2000 Taipei, Singapore Airlines SQ006, usiku, tufani, mvua haionyeshi kitu. Waliambiwa waruke 05L. Wakaingia 05R, iliyokua imefungwa kwa matengenezo, ina mashine za ujenzi katikati. Walikua 179, walikufa 83. Hiyo ilikua ni kupaa sio kutua lakini ugonjwa ni uleule, barabara mbili zinazofanana, usiku, na mtu anayeona anachotarajia kukiona.

Mzee wa Mnara:

Sikupingi kwenye visa, nakupinga kwenye hukumu. Hizo ndege zilizotua kwa macho San Francisco miaka yote hiyo na kila rubani anamuona mwenzake, ukizihesabu utachoka. Kilichoponza 2017 sio ndege mbili kuonana, ni ranwei kufungwa upande mmoja, taarifa yake ikazama kwenye makaratasi mengi ya safari, na rubani kuja kwa macho wakati chombo cha kumuonyesha mstari kilikuwepo. Kama wangewasha ule mstari wa vyombo hata kama wanaona, sindano ingewaambia mpo pembeni.

Kereng'ende:

Sasa si ndo unasema ninachosema? Kwa vyombo wangepona, kwa macho wameponea tundu la sindano.

Mzee wa Mnara:

Vyote pamoja bwana. Hatutakubaliana leo.

Bati la Kiwalani:

Mimi swali langu la kijinga. Jirani yangu anadai bati zake mbili ziling'oka baada ya lile lidege kubwa kupita, sio lilivyopita, BAADA, kama nusu dakika hivi tushasahau. Tukamwambia ni misumari ya Buguruni hiyo. Je inawezekana? Na kama upepo wa ndege unang'oa bati, ile inayotua pembeni yake si itapinduliwa?

Mzee wa Mnara:

Swali lako sio la kijinga hata kidogo na jirani yako muombeni radhi (misumari nayo mkaguzi aiangalie). Ndege ikiruka inaacha nyuma ya kila bawa kimbunga kilicholala, kinazunguka, kinashuka taratibu na kusukumwa na upepo. Ndege kubwa polepole ndo inaacha kikali zaidi. Kinaweza kufika chini baada ya ndege yenyewe kupita, ndo hiyo nusu dakika yenu.

Kwa ranwei sambamba ni jambo kubwa. Zikiwa zimeachana chini ya mita 760, kwa habari ya hivyo vimbunga zinahesabiwa kama ranwei MOJA, maana upepo wa kutoka ubavuni unaweza kukisukuma cha jirani mpaka kwako. Kwahiyo ukiwa karibu hivyo una mahali pawili pa salama, uwe bega kwa bega naye kabisa ili kimbunga chake kibaki nyuma yenu wote, au uwe nyuma sana mpaka kimekufa. Pale katikati, nyuma kidogo na pembeni kidogo, ndo pabaya, hasa kama wewe ni mdogo yeye ni mkubwa. Unaona sasa, kile kilichomtisha mama, kwamba zimekaribiana mno zimelingana, ni bora kuliko kama ingekua imebaki nyuma kidogo.

Mchambuzi wa Kijiwe:

Nimeondoa hoja yangu ya kahawa. Ila ya madawati inabaki.

Fundi Saa:

Na Dubai anakobadilishia je?

Kereng'ende:

Dubai zipo mbili sambamba, zimeachana mita 385. Kawaida yao moja inapokea nyingine inatoa. Atakachokiona dirishani ni mwenzake yupo chini anasubiri kuondoka. Hapo hata mimi silalamiki.

Mkwe Mwema:

Jamani asanteni sana, nimerudi na mrejesho. Jana baada ya magharibi nilimkalisha mama, wife yupo, nikaanza kumueleza. Ukanda mtupu aliuelewa haraka, kasema ni kama unavyoacha nafasi kati ya majiko mawili ya mkaa watoto wasipite. Ya kumuamuru asiye na kosa ndo aondoke aliipenda mpaka akampigia dada yake simu kumsimulia, kasema hata kwenye ndoa ndo hivyohivyo, nikanyamaza. Kisa cha 2017 nilikiruka kama Kereng'ende alivyoshauri ila wife ana mdomo, alishausoma uzi huu wote, akakitoa.

Mama akakaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza swali moja tu, na sina jibu, ndo nimekuja nalo hapa. Kasema, huyo mtu wa kuangalia tu, yeye analala saa ngapi? Na akienda chooni anabaki nani?

Mzee wa Mnara:

Mpe mama shikamoo yangu kama ni mkubwa kwangu, na kama ni mdogo mwambie angefaa kuwa mkaguzi wa anga.

Usiku ule wa 2017 pale mnarani alikuepo muongozaji mmoja anafanya kazi za viti viwili, ardhini na angani. Hakukosea jibu, ila alikua mmoja. Na tarehe 1 Julai 2002 huko Ujerumani juu ya Überlingen, ndege mbili ziligongana angani wakafa watu 71, zilikua zinaongozwa kutoka Zurich na mtu mmoja aliyekua anahangaika na skrini mbili, mwenzake kaenda kupumzika, kama alivyouliza mama. Hapo TCAS ilisema kimoja na muongozaji akasema kingine, rubani mmoja akafuata mashine mwingine akafuata mtu. Toka hapo duniani kote rubani anafundishwa mashine ikitoa amri huko juu fuata mashine, mtu baadae.

Sasa umjibu hivi. Baada ya 2017 San Francisco walibadilisha, usiku ranwei ya jirani ikiwa imefungwa hawaruhusu tena kutua kwa macho, lazima ufuate vyombo, na usiku wakati ndege bado zinaingia kwa wingi wanakaa wawili mnarani, sio mmoja. Na kwenye kituo kinachotua sambamba kwa vyombo, kiti cha kuangalia kikikosa mtu wa kukaa, kutua sambamba kunasimama, zinarudi kupanga foleni. Muongozaji akitaka kwenda chooni anakuja mwingine anakaa pembeni yake kwanza, anasimuliwa kila ndege ipo wapi na inataka nini, anasema nimeipokea, ndo yule wa kwanza anainuka. Mimi niliinuka hivyo miaka yote, na kuna siku nilibana mkojo mpaka machozi kwa sababu aliyekuja kunipokea sikuridhika alivyonijibu.

Kereng'ende:

Hili la kubana mkojo ndo limenituliza kuliko hizo mita zote.

Mkwe Mwema:

Nimemsomea hivyohivyo mzee bila kuruka neno. Kacheka sana hapo mwisho. Anasema wewe ni mdogo kwake, anasema marahaba.

Safari ipo. Kataka siti ya katikati, dirishani asikae, na shemeji amepigwa marufuku kutuma klipu ya aina yoyote mpaka mtoto atimize arobaini. Sasa hivi ugomvi umehamia kwenye kilo, kafungasha dagaa wa Mwanza, unga wa muhogo na kinu kidogo cha mbao, na wife anataka mimi ndo nikamwambie apunguze.